Bunduki ya Kwanza Itakayodumu: Ushauri wa Mtunza Ghala wa Tabora

Vijana wanaokuja kwangu hapa Isevya kuuliza habari za bunduki ya kwanza huanza na neno lile lile: otomatiki. "Shikamoo mama. Nataka otomatiki ngumu, ya leseni, ya kupiga mara kwa mara bila kuharibika. Ninunue ipi?" Naitikia marahaba, nawapa kiti, kisha naanza na sheria, kwa sababu nimeona watu wakitaka kumaliza fedha ya tumbaku ya msimu mzima kwa kitu wasichoweza kukimiliki.

Bunduki inayomwaga risasi mfululizo muda wote kidole kikiwa kwenye triga ni silaha ya kivita. Raia wa Tanzania hapewi leseni yake, awe mfanyabiashara, mkulima au mstaafu kama mimi. Silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtu akikwambia anayo otomatiki ya namna hiyo na karatasi zake zimekamilika, ondoka hapo, usimwachie hata namba yako ya simu.

Mtaani neno otomatiki hubeba pia bunduki inayojipakia yenyewe: unavuta triga mara moja, inatoka risasi moja, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu, bila mkono wako kugusa kitu. Bastola nyingi za wafanyabiashara ziko hivyo, na shotigani za aina hiyo zipo. Hizo unaweza kuziombea leseni kwa sababu za msingi. Lakini ukiwa na nia ya kuwinda, soma pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Inakataza kuwinda kwa bunduki inayojipakia zaidi ya mara moja bila mpigaji kufanya kitu. Kwa hiyo unaweza kuwa na leseni halali mfukoni na bado ukakamatwa katika pori la Sikonge kwa ajili ya aina ya mtambo ulioubeba begani.

Kabla ya kustaafu nilitunza ghala la silaha la askari wa wanyamapori. Bunduki zilitoka kwangu safi, zikaenda doria upande wa Mto Ugalla, zikarudi na vumbi, matope na jasho la watu. Kazi yangu ilikuwa kuzipokea, kukagua namba, kuzifungua, kuzisafisha, na kumwambia mkuu wa kituo ipi iende kwa fundi. Ukikaa dirishani pa ghala namna hiyo unajua bila kuambiwa ni bunduki gani inadumu. Zilizokwenda kwa fundi mara chache ni zile zenye sehemu chache zinazocheza, chuma kilichoungana vizuri, na risasi zinazopatikana. Zinazojipakia zenyewe zilitaka usafi ambao askari aliyelala porini wiki nzima hana nafasi nao: moshi wa baruti unaganda kwenye njia ya gesi, vumbi la Agosti linashikana na mafuta, springi inachoka, na siku moja ganda linakwama nusu ndani nusu nje.

Ndiyo maana bunduki ya kwanza ninayomshauri mtu ni mojawapo ya tatu: shotigani ya kukunja, inayovunjwa katikati ili kuipakia; shotigani ya pampu, ambayo unavuta mshikio wa mbele kuingiza risasi; au raifo ya bolti, ambayo unavuta komeo kwa mkono kila risasi. Ukizoea mojawapo, ukaisafisha mwenyewe miaka kadhaa, ndipo ufikirie inayojipakia.

Sema kazi kabla ya kutaja jina la bunduki

Maombi yenyewe yatakuuliza kazi. Yanaanzia serikali ya mtaa au kijiji, yanajadiliwa na kamati ya ulinzi na usalama, yanapanda kata, wilaya na mkoa mpaka kwa msajili wa silaha makao makuu ya polisi. Ngazi zote hizo watataka kujua unaitaka ya nini na utaiweka wapi. Kwa hiyo usitangulie kununua. Kibali kwanza, bunduki baadaye, na bunduki iwe ile iliyoandikwa kwenye kibali.

Mlinzi wa ghala la tumbaku Urambo, au mwenye duka la jumla mjini, anahitaji shotigani. Umbali wake ni mfupi, na marisau, zile chembe nyingi za risasi ya shotigani, hayaendi mbali kama risasi ya raifo. Mwindaji mwenye leseni anayetaka kanga na kwale anahitaji shotigani hiyo hiyo, ila risasi zake ni za marisau madogo. Anayetaka swala au kongoni anahitaji raifo ya wastani, ya risasi za saizi .30-06 au .308. Nyati ni habari nyingine: hapo watu wazima wanaanzia .375, na bunduki ya nyati haiwi bunduki ya kwanza. Teke lake litakufundisha kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kwa urahisi.

Mkulima wa Kaliua ambaye nguruwe pori na ngedere wanamaliza mahindi yake huniuliza pia. Kwake nasema hivi: mnyama wa porini ni wa serikali hata akiwa katikati ya shamba lako. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kwenda kwa muuza bunduki. Mara nyingine msaada uliopo unatosha, na ukiruhusiwa kutumia silaha utaambiwa mipaka yake.

Kwa anayetaka kulenga shabaha tu, kujifunza mkono na jicho, hakuna kinachoizidi .22. Risasi yake ni ndogo, haina teke, na raifo nzuri ya bolti ya .22, kama zile za Brno na CZ za Wacheki, mtu anairithisha. Mtutu wake unavumilia maelfu ya risasi bila kuchoka.

Risasi

Watu huchagua bunduki kwanza, halafu wakaanza kutafuta risasi. Fanya kinyume chake. Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, muulize anacho nini rafuni mwaka mzima, kisha chagua bunduki inayokula hicho. Geji 12, .22, .30-06, .308 na .375 H&H ni saizi zilizoenea duniani, kwa hiyo hazipotei kirahisi. Ya .375 H&H ilitoka mwaka 1912 na bado inatengenezwa viwanda vingi.

Tabora kuna bunduki za kizamani zinazopendeza macho. Utakuta Mauser ya 9.3x62, risasi aliyoibuni Mjerumani Otto Bock mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa makoloni ya Afrika. Utakuta .303 ya enzi za Mwingereza. Kazi ya mkono ya bunduki hizo mara nyingi ni nzuri kuliko ya leo, nami nazipenda kwa moyo. Lakini mtu wa kwanza kumiliki, anayetaka kupiga mara kwa mara, atatumia muda mwingi kutafuta boksi moja la risasi kuliko kupiga. Waachie wenye uzoefu.

Ukipata risasi za kijeshi za zamani za bei nafuu, fahamu fataki zake, kile kidonge cha nyuma kinachowasha baruti. Nyingi zina chumvi ya kloreti ambayo ikiungua huacha mabaki yanayovuta unyevu ndani ya mtutu. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi hiyo. Lazima mtutu upitishwe maji ya moto, ukaushwe, ndipo upakwe mafuta, siku hiyo hiyo. Nimefungua mitutu iliyopigwa risasi za namna hiyo jioni ya masika ikaachwa mpaka mwisho wa wiki, na ndani kumekuwa na vishimo visivyofutika.

Shotigani

Ukiniuliza ipi inadumu kwa mtu wa hali ya kawaida, nitakutajia Baikal za Urusi, zinazotoka mji wa Izhevsk. Ya mtutu mmoja ni IZh-18, ya mitutu miwili juu na chini ni IZh-27, ya mitutu sambamba ni IZh-43. Hazina urembo. Mbao yake nzito, kingo zake hazikupigwa msasa wa kutosha, triga ni ngumu mwanzoni. Lakini mtutu wake umepakwa kromu ndani, na kwa mkoa ambao mvua inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, kromu hiyo ina thamani kuliko nakshi za fedha. Ya mtutu mmoja ndiyo ningemkabidhi mwanafunzi: huwezi kusahau kama ina risasi, unaikunja unaona.

Kwa upande wa pampu, Remington 870 iko sokoni tangu 1950 na zimeuzwa zaidi ya milioni 10, ndiyo maana vipuri vyake mafundi wanavijua. Sanduku la mtambo wake ni la chuma kizima. Tahadhari yangu ni moja: zile za bei ya chini zilizomalizwa kwa rangi isiyong'aa huota kutu haraka mahali penye jasho la mkono, kwa hiyo zinataka mafuta kila mara. Mossberg 500, ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, sanduku lake ni la aluminiamu, halioti kutu, na sefti yake, kizuizi cha kuzuia isilipuke, iko juu nyuma ya mtambo, dole gumba linaifikia. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto, na bunduki nyingi zimetengenezwa kana kwamba hatupo. Sefti ile ya juu ilinifanya niipende Mossberg kuliko nyingine zote zilizopita mezani kwangu. Kama nawe unatumia kushoto, usikubali kuambiwa utazoea.

Jambo la hatari ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni urefu wa chemba. Shotigani za kale za geji 12 zina chemba ya milimita 65, nyingi za kisasa ni milimita 70, nyingine 76. Risasi ndefu inaweza kuingia chemba fupi bila shida, kwa sababu mdomo wa ganda umekunjwa. Ukipiga, ganda linafunguka, halina nafasi, na msukumo unapanda juu ya kile mtutu ulichopimiwa. Kipimo kimepigwa muhuri kwenye chuma cha mtutu karibu na mkunjo. Usipokiona, au kimefutika, bunduki hiyo ikapimwe na fundi mwenye leseni kabla hujaweka kitu ndani. Mtutu wenye mistari ya mawimbi ya chuma kilichosokotwa, ule wa zamani sana, ni wa kutundikwa ukutani. Baruti ya leo si ya mtutu huo.

Raifo ya bolti

Hapa nitasema machache kwa sababu dunia imeshaamua zamani. Mtambo wa Mauser wa mwaka 1898 ndio mama wa raifo nyingi zinazoaminiwa Afrika. Una kucha ndefu ya chuma inayoshika ganda tangu linapotoka magazini mpaka linaporushwa nje, haijalishi bunduki imeinamishwa upande gani au imejaa vumbi kiasi gani. Brno ZKK 600 na 602, CZ 550, Zastava M70 ya Serbia, Winchester Model 70 za kabla ya 1964, zote zimefuata njia hiyo. Zastava ndiyo ninayomwelekeza mtu mwenye mfuko mwepesi. Chuma chake kizuri, mbao yake ya kawaida.

Darubini si lazima mwanzoni. Jifunze kwa shabaha za chuma zilizo juu ya mtutu. Ukiweka darubini, mguu wake uwe wa chuma na skrubu zake zikazwe na mtu anayejua, kwa sababu barabara ya kwenda Ugalla ukiwa nyuma ya Land Cruiser italegeza kila kisichokazwa.

Kuhusu kitako: mbao hunywa maji. Masika ikiingia, mbao isiyokolea mafuta huvimba, ikasukuma mtutu, na bunduki iliyokuwa ikipiga katikati mwezi wa Septemba inaanza kupiga pembeni mwezi wa Januari. Kitako cha plastiki ngumu hakina tatizo hilo. Kama unapenda mbao, kama ninavyopenda mimi, basi ijue mninga. Mninga wa mapori yetu ukikaushwa polepole hauvimbi wala kusinyaa sana, na vitako vilivyovunjika vilivyochongwa upya kwa mninga vimetumika miaka. Seremala achonge kwa vipimo mbele ya fundi mwenye leseni. Bunduki yenyewe hailali karakana ya seremala hata usiku mmoja.

Kukagua bunduki iliyotumika

Wengi wenu mtanunua iliyotumika, na hakuna ubaya. Bunduki ya mtu makini ya miaka 30 ni bora kuliko mpya ya kiwanda dhaifu. Lakini ukaguzi uwe wa mchana, juani, na usione aibu kukaa nayo muda mrefu. Muuzaji akikuharakisha, mrudishie.

Kwanza ifungue mwenyewe uone haina risasi, hata kama amekuonyesha yeye sekunde moja iliyopita. Kisha linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na namba ya leseni yake, tarakimu kwa tarakimu. Mahali pa namba pakiwa pamesuguliwa, au tarakimu moja ina umbo tofauti na nyingine, biashara imeishia hapo. Mauzo yenyewe yapitie polisi, msikabidhiane uani kwa karatasi ya mashahidi.

Toa mtutu, au toa bolti, tazama ndani kuelekea mbinguni kutoka pande zote mbili. Mtutu mzuri unaonyesha duara za mwanga zilizo sawa. Pete nyeusi katikati ya njia ina maana mtutu ulivimba: mtu alipiga ukiwa na tope au kitambaa ndani. Pitisha vidole nje polepole mahali hapo, utausikia uvimbe hata kama jicho haliuoni. Huo haurekebishiki. Vishimo vidogo vya kutu kwenye shotigani vinaweza kuvumilika, ila karibu na chemba hapana. Kwenye raifo tazama mifereji ya ndani iwe na kingo kali, na mdomo wa mtutu usiwe na jino lililogongwa. Jeraha dogo mdomoni hupotosha kila risasi.

Kwa bunduki ya mitutu miwili kuna kipimo nilichofundishwa na fundi mzee wa ghala. Toa mitutu, ining'inize kwa kidole kwenye ndoano yake, igonge kwa kucha au kwa penseli. Kama ulehemu wa kati ni mzima hulia kwa sauti safi inayokaa. Ikitoa mlio mfupi uliokufa, ulehemu umeachia mahali fulani, na maji yameshaingia humo.

Kisha rudisha mtutu, ondoa mbao ya mbele, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, tikisa. Isicheze. Inua juu ya mwanga uone kama kuna upenyo kati ya mtutu na ukuta wa mtambo. Mwanga ukipita, mkunjo umechoka. Kwenye raifo, mwambie fundi apime nafasi kati ya bolti na risasi kwa vipimo vya chuma, maana jicho halitoshi. Tazama pia nyuma ya meno ya bolti: alama za msuguano ziwe sawa pande zote mbili.

Jaribu triga kwa risasi bandia za mazoezi. Weka sefti, vuta, nyundo ya ndani isidondoke. Toa sefti bila kugusa triga, isidondoke. Koki, kisha gonga kitako kwenye mkeka, isidondoke. Bunduki ambayo nyundo yake inadondoka yenyewe inaweza kuua ndugu wa mwenye bunduki. Usiinunue kwa matumaini ya kuirekebisha.

Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, bunduki ilifunguliwa na asiyejua kazi, na hujui alichogusa ndani. Angalia kitako nyuma ya mtambo, hapo ndipo ufa huanzia, mara nyingi umefichwa kwa rangi au gundi. Mwisho, omba kuipiga mahali palipoidhinishwa. Risasi chache kwenye karatasi, mita 50 kwa kuanzia, zitakuambia ukweli ambao muuzaji hajui au hataki kuusema.

Sijataja gobore, na kwa Tabora lazima nilitaje. Sisi ni watu wa baruti tangu zamani. Mirambo, aliyefariki 1884, alijenga himaya yake na ruga-ruga, askari wake, wenye bunduki za kushindiliwa, na Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani mwaka 1893 alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake badala ya kushikwa. Historia hiyo tunaijua na tunaiheshimu. Lakini gobore lililotengenezwa kwa bomba la maji si urithi wa Mirambo. Halina namba, halina kipimo cha msukumo, na likipasuka linaondoka na vidole na jicho. Kama la babu liko darini, Septemba ni mwezi wa msamaha wa silaha uliowekwa na Umoja wa Afrika. Sikiliza tangazo la polisi, ulisalimishe. Na bunduki halali ya marehemu pia hairithiwi kimya kimya: inapelekwa polisi, na mrithi anaomba leseni yake upya.

Ikukae mwilini

Weka kitako begani ukiwa umefumba macho, halafu fumbua. Jicho lako liwe linatazama moja kwa moja juu ya mtutu bila kunyoosha shingo. Kama unaona nyuma ya mtambo tu, kitako hakilingani na mwili wako. Wanawake na watu wafupi huuziwa bunduki ya mwanaume mrefu kisha wanaambiwa hawana nguvu. Kitako kinaweza kukatwa, na pedi ya mpira ikawekwa nyuma. Bunduki nyepesi sana nayo ni mtego: inabebeka vizuri dukani, ila teke lake ni kali. Kilo 3 na kidogo kwa shotigani ni nzuri, raifo kubwa zaidi ya hapo.

Kuitunza katika hali ya hewa yetu

Hapa Tabora tuna maadui wawili kwa zamu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni vumbi, na wakati huo mafuta mengi yanaharibu kuliko kusaidia, kwa sababu vumbi likishikana nayo linasaga chuma. Paka kidogo, futa, uache utando usioonekana. Mvua zikianza, geuza: mafuta yaongezeke, na bunduki ikaguliwe kila wiki hata kama haijapigwa.

Tumia mafuta ya bunduki au mafuta mepesi safi ya mashine. Mafuta ya alizeti yakikaa hugeuka gundi ndani ya mtambo. Mafuta machafu ya injini yana tindikali. Kwa kitako cha mbao, na kwa nje ya chuma kinachowekwa muda mrefu, nta ya nyuki ya Sikonge iliyoyeyushwa na mafuta kidogo ya mbegu za kitani haina mshindani. Pakaa, iache usiku kucha, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kutu huanza mahali usipopaona. Mfuko ni wa safari tu. Nyumbani ikae kwenye sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, isiguse sakafu, na risasi zikae kasha lingine lenye ufunguo mwingine. Tenga fedha ya sefu, fimbo ya kusafishia, risasi bandia na vikinga masikio kabla ya kununua bunduki. Ukiona fedha haitoshi vyote, punguza bei ya bunduki.

Na unapopiga, nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, mahali panaporuhusiwa. Hata risasi ya .22 inaweza kwenda karibu kilomita 2, na ya raifo kubwa inapita kilomita 3. Miombo yetu inaonekana tupu, lakini ina watu: mrina asali yuko juu ya mti wa mtundu na moshi wake, hana kelele, wala hajui kwamba uko hapo. Usipige kamwe kuelekea juu, wala kuelekea majani yanayotikisika.

Baada ya kununua, ipeleke ikakaguliwe na kuandikishwa kama ulivyoelekezwa na lipia leseni kwa muda ulioandikwa, maana uhakiki wa silaha kama ule wa mwaka 2016 ukija, asiye na karatasi ndiye anayelala ndani. Nunua daftari. Andika tarehe, aina ya risasi, ulizopiga, zilizokwama na hali ya hewa. Ganda likigoma kutoka mara mbili kwa risasi za boksi moja, badili risasi. Likigoma kwa boksi tofauti, kucha au springi imechoka. Mpelekee fundi bunduki pamoja na daftari hilo, ataanza kazi akijua pa kuangalia.